Tuliimba "wadudu", bi mkubwa akanunua sumu

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Ufuta ulikuwa mnadani na mimi nilikuwa nazunguka vijijini na makaratasi ya wakulima. Katika huo mzunguko nimeulizwa maswali mawili mara nyingi kuliko mengine. La kwanza: vile vipande vya kanga vilivyooza, vilivyotundikwa nje ya ghala la AMCOS, ni vya nini? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: eti ni kweli wimbo wa bibi shamba umeua kuku?

Ni kweli, kwa namna fulani. Nimeona bora nikusimulie mwenyewe kuliko usikie kwenye kahawa, maana huko kuku wameshafika thelathini. Walikuwa kumi na mmoja.

Mwanzo wake ni uchovu. Wewe unayenisoma umeshakaa kwenye mikutano yangu. Nasimama mbele na chati, naeleza kwamba udongo una uhai, kwamba kijiko kimoja cha udongo wenye afya kina viumbe wengi kuliko watu wote waliopo duniani. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema hivyo, nami nilifundishwa hivyo chuoni. Watu wananisikiliza kwa adabu. Wazee wanatikisa kichwa, akina mama wananyonyesha, mmoja anauliza mbolea ya ruzuku inakuja lini, tunafunga kwa dua. Ikifika Septemba napita barabarani naona moshi kulia na kushoto. Mashamba yale yale yanachomwa na watu wale wale waliotikisa kichwa.

Siku moja nilikaa kwenye boda nikarudi nyumbani nikiwa na masizi usoni, nikamwambia dereva kwamba nimemaliza maneno. Kijana huyo huimba singeli kwenye sherehe za hapa Kibiti. Akanijibu, "Bwana shamba, maneno yako yapo mazuri, tatizo hayana mdundo." (Wengi bado huniita bwana shamba japokuwa mimi ni mwanamke. Nimeshazoea.)

Basi tukatengeneza wimbo. Yeye na wenzake wawili, simu moja na spika ya kuchaji. Niliwapa ujumbe, wao wakaweka mashairi. Kiitikio kilikuwa chepesi: wadudu wa udongo, wadudu wa udongo, ndio wenye shamba. Mistari ya katikati ilieleza yote, nyungunyungu anavyotoboa ardhi, mchwa anavyosaga majani, kuvu wanavyolisha mizizi. Nilifurahi sana. Tuliupiga kwenye gulio mara tatu, vijana wakacheza mpaka vumbi likaziba jua.

Lakini unaijua singeli. Ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, na mwendo wake ni wa mbio. Kijana wa miaka kumi na minane anashika kila neno. Mtu mzima aliyekaa na kapu lake la mchicha anashika kiitikio tu. Na kiitikio kilisema wadudu ndio wenye shamba.

Bi mkubwa mmoja, mjane, anayelea wajukuu watatu, alisikia hivyo hivyo. Alisikia kwamba serikali imetuma watu kuimba kuwa wadudu wamevamia mashamba na sasa wamejimilikisha. Akaenda duka la pembejeo, akaeleza kwamba ana wadudu wa udongo, akauziwa dawa ya chengachenga ya kuua wadudu wa ardhini. Muuzaji hakuuliza wadudu gani. Akaimwaga kwenye tuta la mchicha, kwenye kunde, na ikabaki kidogo akaimwaga kwenye kichuguu kilicho nyuma ya choo. Asubuhi kuku wakatoka bandani, wakakuta mchwa na majongoo wamelala chali, wakala. Wakala na chenga zenyewe.

Nilipata habari kwa simu ya mwenyekiti wa kitongoji. Nilifika mchana. Kuku walikuwa wamepangwa kwenye gunia, na bi mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka kama mtu mwenye msiba. Kitu cha kwanza nilichouliza ni mchicha, kama wajukuu wameshaula. Bado. Nilishukuru Mungu. Tuliung'oa wote, tukawafukia kuku chini kabisa, mbwa wasiwafikie, na nikamkataza asichume kunde hizo msimu ule. Ndipo akanieleza kwa nini alinunua dawa. "Si ni nyie mliosema, mwanangu? Mmeimba siku tatu."

Kuku wale walikuwa sare za shule za Januari. Sikuwa na la kujibu.

Usiku ule nilifikiri sana juu ya neno moja. Sisi watu wa kilimo tunaposema "wadudu" kwa mkulima, tangu lini tumemaanisha jambo jema? Wadudu ni wale wanaotoboa mahindi. Kila kibandiko cha dawa dukani kina picha ya mdudu na mstari mwekundu juu yake. Vijidudu ndio kabisa. Wazee wetu walijifunza habari za vijidudu kwenye kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ile ya vikundi vya kusikiliza redio, iliyofikia watu wapatao milioni 2 nchi nzima. Watu walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakachemsha maji. Ilikuwa kampeni nzuri sana na iliokoa maisha. Lakini kwa miaka yote hiyo tangu wakati huo, kijidudu ni adui wa kuuawa. Na minyoo, watoto wetu wanapewa dawa ya minyoo shuleni. Halafu mimi nakuja na spika nasema wadudu, vijidudu na minyoo ni ndugu zako. Ningekuwa mimi bi mkubwa, hata mimi ningenunua dawa.

Nilikwenda kuomba ushauri kwa mtu ambaye hatungwi jina hapa kwa sababu kazi yake haitangazwi. Ni kungwi. Amewacheza wali wengi wa upande wa Ruaruke na Mtunda, na mafunzo yake hayasahauliki, hilo nawathibitishia akina mama wenzangu. Nilimuuliza kama anaweza kunipa wimbo mmoja wa unyago nibadilishe maneno. Alikataa papo hapo. Nyimbo zile zina mahali pake. Ila akanipa mawili ya bure. Kwanza, akasema, wimbo wa kufundisha lazima uwe na swali na jibu, ili anayefundishwa ajibu kwa kinywa chake. Aliyejibu mara ishirini hawezi kusema hakusikia. Pili, "Mtu hamwiti kwa umbo lake, mwite kwa kazi yake. Hao wadudu wako wanafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Jani la mkorosho linaanguka. Jongoo na mchwa wanalikatakata. Nyungunyungu anavuta vipande chini, anavila pamoja na udongo, anatoa kinyesi chenye rutuba na kuacha matundu ya kupitisha maji na hewa. Kuvu wanatambaa kama nyuzi nyeupe, na wewe umewaona ukifunua majani yaliyooza chini ya mkorosho. Bakteria wanamalizia, wanaachia chakula ambacho mzizi unaweza kukinywa. Wote hao wanafanya kazi usiku na mchana bila jembe.

Kungwi akacheka. "Hao ni vibarua."

Ndiyo wimbo tunaoimba sasa. Si singeli tena. Ni ngoma ya taratibu, ya kupiga makofi, mmoja anauliza na wote wanajibu. Nani kalima usiku? Kibarua wa chini. Kalipwa nini? Majani. Umechoma majani? Kagoma! Hapo kwenye "kagoma" watu wote wanakaa chini kwa pamoja, na watoto wanapenda sehemu hiyo kuliko zote. Neno kibarua halihitaji chati. Kila mmoja wetu anajua bei ya kibarua wa kupalilia ekari moja, na kila mmoja anajua kinachotokea usipomlipa.

Baadaye nilisoma na kugundua kwamba wala sikuwa wa kwanza kuchanganya muziki na nyungunyungu. Mwingereza Charles Darwin, yule wa elimu ya viumbe, aliandika kitabu kizima kuhusu nyungunyungu mwaka 1881, miezi michache kabla hajafa. Aliwaweka kwenye vyungu vya udongo nyumbani kwake, wakapulizwa filimbi, wakapigiwa zumari kubwa lenye sauti nzito, wakapigiwa piano. Hawakujali. Hawana masikio. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti moja ikapigwa, wakakimbilia mashimoni mwao mara moja, kwa sababu mtikisiko waliusikia kwa mwili. Darwin huyo huyo alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita ndani ya miili ya nyungunyungu kwenye kila ekari moja kwa mwaka. Ni lori zima, ekari moja, bila dereva.

Niliposimulia habari hiyo Bungu, mzee mmoja akauliza: "Kwa hiyo ngoma yetu inawafukuza?" Nikamwambia inawafukuza kwa dakika tano, moto unawafukuza kwa misimu. Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, akatoka akaenda kupiga teke ardhi nje kuona kama kuna atakayetokea.

Huko Uswisi, msanii anayeitwa Marcus Maeder amefanya kinyume chake. Badala ya kuwapigia viumbe muziki, amechomeka vinasa sauti ardhini ili watu wasikilize muziki wao. Kazi hiyo aliifanya pamoja na taasisi ya Biovision, ile ile inayosaidia jarida la Mkulima Mbunifu ambalo baadhi yenu mnalipata. Udongo wenye uhai una kelele: mikwaruzo, vidonge vya sauti, kama mtu anatafuna bisi gizani. Udongo uliochoka uko kimya. Sina vinasa sauti vya namna hiyo na ofisi ya kata haitaninunulia. Nilichokuwa nacho ni kanga.

Hapa naomba usome polepole, maana unaweza kuifanya mwenyewe na gharama yake ni kipande cha nguo kuukuu. Uswisi na nchi nyingine wamefanya kwa chupi za pamba, wanazifukia shambani miezi miwili halafu wanazifukua na kuangalia kimebaki nini. Nilipoileza hivyo kwenye kikao cha akina mama, kicheko kilimaliza kikao. Tukakubaliana kanga. Pamba ni chakula cha viumbe wa udongo kama lilivyo jani kavu. Udongo wenye vibarua wengi unaila kanga haraka, udongo uliokufa unakurudishia nguo yako.

Kanga lazima iwe ya pamba tupu. Siku hizi nyingi zina nailoni ndani, na nailoni hailiki hata ufukie miaka kumi. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba unanuka kama karatasi inayoungua na unaacha majivu laini, wa nailoni unayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kata vipande sawasawa, kila kimoja upana wa viganja viwili. Fukia kwa kusimamisha, kina cha kiganja kimoja, masika yakishaanza na udongo una unyevu. Acha ncha ndogo itokeze juu na uchomeke kijiti, usije ukasahau pahali. Usifukie palipotuama maji wala penye chumvi ya bahari, kwa sababu huko nguo haiozi haraka hata kama udongo hauna kosa. Subiri wiki nane.

Tulifukia vipande kumi na viwili kwenye mashamba sita. Bi mkubwa niliyemwambia habari zake alikubali kushiriki, nami nilishangaa. Nilimfukia kipande kimoja pale alipomwaga dawa na kingine nyuma ya jiko, anapotupa maganda ya muhogo na takataka za kufagia.

Mwezi wa sita tulifukua mbele ya watu, siku ya kusubiri mnada wa ufuta, kwa sababu siku hiyo watu wamekaa ghalani hawana pa kwenda. Tulivisuuza kwenye ndoo, tukavitundika kwenye kamba kama duka la nguo. Kanga ina jina, hata ile kuukuu, na watu walianza kuyasoma. Kipande kilichotoka shamba linalochomwa kila mwaka kilikuwa na maneno yake yote, unaweza kuyasoma ukiwa mbali. Kilichotoka chini ya mikorosho ya mzee mmoja wa Mchukwi, ambaye hajachoma majani miaka mingi kwa sababu tu anaogopa moto kuunguza mikorosho, kilikuwa nyavu. Pindo lilibaki, na herufi mbili. Muuza kanga mmoja aliyekuwepo akauliza kama nataka kumfungia biashara.

Kipande changu mwenyewe sikukitarajia. Nina shamba darasa, wengi mnalijua, lile lenye kibao. Nalipalilia vizuri, nalifagia wageni wakija, na mwaka ule nilipiga dawa ya majani mara mbili kwa sababu sikuwa na muda. Kanga ya shamba darasa ilitoka nzima. Ilikuwa chafu tu, ukiifua unavaa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hiyo ndiyo ya mtaalamu," na sikuweza kukitoa kwenye kamba kwa sababu kila mtu alishakiona. Kipo mpaka leo. Nimeacha kufagia. Naweka mabua na majani ya mbaazi juu ya udongo, na wageni wakija wanaona pachafu kidogo.

Sitaki nikudanganye: kipande kimoja cha nguo si maabara. Kivuli, unyevu na aina ya udongo vyote vinabadilisha matokeo, ndiyo maana ufukie viwili au vitatu kwa kila shamba na ulinganishe shamba na jirani yake. Lakini kwa kuwafanya watu wabishane juu ya udongo kwa saa mbili bila mimi kusema neno, sijaona kitu kinachoshinda kamba ile.

Si kila kiumbe wa ardhini ni rafiki pia, na hilo wimbo wetu hausemi, kwa hiyo nalisema hapa. Safura hupita kwenye nyayo za mtoto asiye na viatu. Viatu na kunawa mikono ni pale pale. Na kuna minyoo fundo, inayovimbisha mizizi ya nyanya na bamia. Watu wengi wanaichanganya na vinundu vizuri vya kunde, mbaazi na choroko. Ng'oa kunde moja ikianza kutoa maua, suuza mizizi. Kinundu kizuri kimebandikwa pembeni mwa mzizi, ukikisugua kwa kidole kinatoka, ukikipasua ndani ni chekundu kama nyama. Humo ndimo bakteria wanapotengeneza mbolea kutoka hewani. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliofura, hautoki ukiusugua. Jambo hilo nililifanya kuwa picha. Fundi mmoja anayechora vinyozi na mama lishe alituchorea ukutani, kwa rangi zile za mng'ao za mtindo wa Tingatinga. Mchoro wake wa kwanza nyungunyungu alitoka mkubwa kama chatu na alikuwa na macho. Hapa kwetu, watu waishio jirani na mamba, hatuhitaji mnyama mwingine wa kututisha. Alifutwa, akachorwa upya pembeni ya jembe, ili ukubwa wake uonekane.

Shuleni tulitumia ngonjera. Wazee wanaikumbuka tangu enzi za Mathias Mnyampala, aliyezieneza kupitia chama cha UKUTA miaka ya 1960, watoto wawili wanabishana kwa mashairi, asiyejua na anayejua. Mwalimu mmoja aliandika yetu, mtoto mmoja anatetea moto na mwingine anatetea majani. Rasimu ya kwanza mtetea moto alikuwa mjinga tu. Nilimwomba mwalimu ampe hoja za kweli, kwa sababu zipo: moto haulipwi, unaua nyoka na panya, mtu mmoja mzee anasafisha ekari mbili kwa njiti moja ya kiberiti. Wazazi walimshangilia mtoto yule. Na kwa kuwa hoja zao zilikuwa zimeshasemwa kwa haki, walitulia kumsikiliza wa pili. Wengine walitoka bila kubadilika, na sikatai. Mwanamke asiye na mume wala vijana nitamwambia afyeke kwa mikono ekari mbili? Huyo nilimshauri achome robo ya mbali tu, penye kichaka, na kwingine alaze majani mistari kati ya matuta. Ni nusu ya somo, lakini ni nusu anayoiweza.

Ukiuliza nani alitufundisha kuanza na hoja za watu wenyewe, ni historia ya hapa hapa mkoani Pwani. Miaka ya 1980 Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya sanaa za maonyesho vijijini, Malya kule Mwanza, na Msoga hapa Pwani. Hawakuja na igizo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wanakijiji wakasema matatizo yao, wakayatia kwenye ngoma na maigizo yao, na baada ya onyesho likafuata jambo kubwa kuliko onyesho: mjadala. Ningelijua hilo mapema kuku wangekuwa hai.

Nililijaribu delta. Tulipanda boti Nyamisati na vijana wangu wa ngoma, tukashuka kijiji kimoja cha ndani kwenye mikoko, tukaimba vibarua wa chini. Waliitikia vizuri. Halafu mkulima mmoja wa mpunga akasimama: "Bibi shamba, sisi hatuchomi. Sisi kibarua wetu ni kaa, na anatukata miche." Kweli. Kaa wa mikoko hukata mpunga mchanga, na wapo wanaomwaga sumu majini ili kumuua. Sikuwa na wimbo wa kaa. Nikakaa chini, nikauliza nani mwingine anamjua kaa. Aliyejibu hakuwa mkulima, alikuwa mchuuzi wa kamba. Akasema maji ya shambani yanarudi kwenye mto wakati wa kupwa, na kwenye mito hiyo ndimo kamba wachanga wanakulia. Mwaka wenye sumu nyingi yeye anarudi Dar na ndoo tupu. Sehemu kubwa ya kamba wa nchi hii inatoka delta hii, wote pale walijua. Walibishana mpaka maji yakajaa. Nilichoongeza mimi ni kidogo: matundu ya kaa yanaingiza hewa kwenye tope, na kaa huburuta majani ya mikoko chini yakawa rutuba, kwa hiyo ukimaliza kaa wote tope linakuwa bovu. Na mche uliokomaa kwenye kitalu, ukapandikizwa ukiwa mrefu na mgumu, kaa anaushindwa kuliko mche laini. Wanne walisema watajaribu. Wimbo wa kaa wanautunga wenyewe, na nimeambiwa mchuuzi ndiye anaongoza.

Upande wa mto wenyewe, wakulima wa mlau, nanyi nawakumbuka. Mababu zetu hawakuhitaji somo la udongo kwa sababu Rufiji ilileta udongo mpya kila mafuriko. Ilileta pia msiba, na Aprili 2024 hatujaisahau. Lakini tangu Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, sehemu ya tope iliyokuwa ikishuka inabaki kule juu; ndivyo bwawa lolote linavyofanya. Kwa hiyo majani na mabua yako uliyozoea kuyachoma kwa sababu mto utakulipa, mwaka huu yaache yaoze hapo hapo.

Ninyi wenye maduka ya pembejeo, ombi moja. Mtu akija akisema ana wadudu wa udongo, muulize wamekula nini. Asipojua, mwambie aje na mmea au anipigie simu mimi kabla hujafungua kopo. Utapoteza mauzo ya siku moja.

Bi mkubwa alikuja kuona vipande vyake. Cha kwenye tuta la mchicha kilikuwa na jina lake lote, hata doa la chai lilikuwepo. Cha nyuma ya jiko nilikivuta nikapata uzi na udongo mweusi, na nyungunyungu mmoja aliyejikunja ndani. Alikitazama muda mrefu, akaniuliza kama anaweza kuhamisha udongo wa nyuma ya jiko kwenda kwenye tuta. Nikamwambia anaweza, debe mbili tatu, aufunike kwa majani. Amefanya, na amepanda kunde upya. Mchicha bado nimemwambia asubiri.

Mwezi uliopita nilimpelekea mitetea miwili. Aliipokea, akaifunga mguu, akanipa maji ya kunywa, akasema asante mwanangu, bado tisa.

Vuli ikianza nitakuwa Ruaruke na Mtawanya na mkasi wangu. Njoo na kanga yako, na uuchome uzi kwanza.